Faili Lililokosa wa Kulibeba

Alhamisi, tarehe 14 Machi, mwaka 2019, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mmoja wa miaka hamsini na mmoja alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake akiuvisha soksi mguu wa kulia. Aliikunja soksi yote hadi ncha, akaitanua mdomo kwa vidole vya mikono miwili, kisha akaipitisha polepole asikiguse kidole gumba. Ilimgusa. Akafumba macho, akahesabu hadi tano, akaendelea.

Kiatu kilimngoja sakafuni. Kilikuwa kiatu cheusi cha ngozi, cha kufunika, kama sheria ya ofisi ilivyotaka. Fundi viatu alikuwa amekitoboa tundu mahali pa kidole, nalo tundu binti yake alilishonea kitambaa cheusi laini, kisha akakipaka dawa ya viatu ili kwa mbali kisijulikane. Kwa karibu kilijulikana.

"Mama, leo usipite kazini," binti alisema, huku akimshikilia kisigino. "Nenda hospitali moja kwa moja."

"Niende na nini? Bila fomu iliyotiwa sahihi hata dirishani sifiki."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo."

"Na mwezi uliopita ilikuwa hivyo hivyo."

Binti akacheka bila kupenda. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi cherehani, na kucheka kwake kulikuwa kwa mama yake mtupu. "Kidole kimoja kinatuendesha nyumba nzima," alisema. "Vingekuwa viwili tungehama."

"Cheka tu. Miguu hii umeirithi wewe."

Maumivu yalikuwa yameanza mwanzoni mwa mwaka, bila kujikwaa wala kuangukiwa na kitu. Asubuhi moja aliamka, shuka likamgusa kidole, akapiga kelele. Tangu siku hiyo ilikuwa kana kwamba mtu amepitisha uzi wa moto chini ya ukucha na anaukaza kila anapokanyaga. Mganga wa zahanati alimpima sukari, akampima damu akitafuta jongo, akampeleka kupigwa picha ya eksirei. Majibu yote yalirudi safi.

"Mama, hapa hakuna kitu," mganga alimwambia.

"Kama hakuna kitu, mbona hakinipi usingizi?"

Mganga, ambaye alikuwa mtu muungwana, alikuna kichwa, akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa mifupa. Daktari huyo alifika katika hospitali kuu mara moja tu kwa mwezi, Alhamisi ya pili, naye alipokea wagonjwa hadi saa sita mchana. Watumishi wa ofisi za umma walionwa kwa fomu iliyotiwa sahihi na Mkuu wa Utumishi wao. Alhamisi ya pili ya Februari ilikuwa imempita. Hii ilikuwa ya Machi.

Kazi yake ilikuwa tarishi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amebeba mafaili kutoka masjala ya chini hadi ghorofa za juu, na kuyarudisha. Alipoajiriwa aliitwa Dada Upesi, kwa kuwa alipanda ngazi mbili mbili. Sasa aliitwa Mama Upesi, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba jina hilo liliwahi kuwa na maana.

Alifika ofisini saa mbili kasorobo. Lifti ilikuwa imekufa mwaka wa nne sasa. Ndani yake wafagiaji waliweka ndoo na mifagio. Chini ya ngazi lilikuwapo benchi la mbao, refu, lililolainishwa na makalio ya watu wengi. Aliketi pembeni kabisa, mahali pake pa siku zote, ijapokuwa benchi zima lilikuwa lake.

Zamani walikuwa wanne. Mwisho ule wa ukutani alikaa Mzee Kengele, ambaye kabla ya utarishi alikuwa akipiga kengele ya shule, na ambaye watu waliapa kwamba alikuwa akisimama sekunde moja kabla bosi hajaita. Pembeni yake alikaa Kamba, mwembamba, mrefu, mwenye utani usioisha. Kisha yule waliyemwita Profesa, kwa sababu ya miwani tu. Kisha yeye, msichana wa miaka ishirini na minne, aliyefanyiwa nafasi kwa kusukumana. Birika moja la chai liliwatosha wote wanne. Kamba ndiye aliyemimina, naye kila siku alijimiminia mwisho akilalamika kwamba wamemwachia majani.

Hakuna kati yao, isipokuwa Profesa, aliyejua kusoma. Walizijua ofisi kwa sura za milango. Kwa hiyo karani mkuu wa masjala wa siku hizo, mama mmoja mkali mwenye moyo wa dhahabu, aliamua kwamba saa kumi jioni watabaki kantini awafundishe. Waliandikia nyuma ya majalada mabovu. Herufi ya kwanza Dada Upesi aliyoiandika ilikuwa kubwa kama sahani, na Kamba alimwambia, "Hiyo ukiipandisha juu itabidi watubomolee mlango."

Alisimama, akaingia masjala.

"Shikamoo, Mama Upesi."

"Marahaba, mwanangu. Faili langu limeshapanda?"

Karani wa sasa alikuwa msichana mchangamfu mwenye kalamu mbili nyweleni. Alitazama trei ya kutoka. Faili lilikuwapo, la kahawia, nene, na fomu ya matibabu ikichungulia kwa juu. Lilikuwa hapo kwa siku kumi.

"Lipo tayari, mama. Linamsubiri tarishi."

"Tarishi ni mimi."

"Najua."

"Basi?"

"Basi si lako?" Karani alishusha sauti kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Mtumishi hashiki faili lake mwenyewe. Imebandikwa hapo ukutani. Nikikupa, mkaguzi akija, mimi ndiye wa kwanza kufungasha."

"Lipandishe wewe."

"Niiache masjala wazi? Mama, niko peke yangu hapa. Hata chooni natoka mbio."

Mama Upesi aliijua kanuni ile kabla karani hajazaliwa. Ilikuwa kanuni nzuri, iliyowekwa ili mtu asijichomolee barua ya onyo wala kujipachikia ya sifa. Zamani haikumsumbua mtu, kwa maana tarishi mwenye jambo lake alibebewa na mwenzake. Ulikuwa utaratibu wao, tena wenye heshima yake: faili la mwenzako hulichanganyi na mengine, unalipandisha peke yake, mikono miwili. Alipoomba likizo ya uzazi, Mzee Kengele ndiye aliyelichukua faili lake. Alirudi akihema, akaketi, akasema, "Ngazi hamsini na nne, binti. Nimekubeba wewe na mtoto wako. Akizaliwa mwambie namdai shikamoo."

Naye alikuwa amewabebea wote. Faili la kustaafu la Mzee Kengele lilipanda mikononi mwake. La Profesa, aliyehamishwa mbali. La Kamba, lenye barua ya rambirambi ndani, alilipandisha ngazi moja moja, na siku hiyo hakuna aliyemharakisha. Kila mmoja alipoondoka, nafasi yake ilifutwa. Barua ya kufuta nafasi alikuwa akiipeleka yeye.

Alichukua mafaili tisa ya wengine, akaanza kupanda.

Alikuwa amejifunza kukanyaga kwa ubavu wa mguu na kushika reli kwa mkono wa kulia, mafaili yakiwa kifuani upande wa kushoto. Ngazi kumi na nane hadi ghorofa ya kwanza, akapumzika. Kumi na nane nyingine. Kumi na nane za mwisho alizipanda akihesabu kwa sauti. Ghorofa ya tatu, katibu muhtasi wa Mkuu wa Utumishi alikuwa akipaka losheni mikononi.

"Mama Upesi! Karibu. Mbona jasho?"

"Mvua imenipata kwenye ngazi," alijibu. "Mama, nisaidie. Fomu yangu iko masjala. Mkubwa akiitia sahihi sasa hivi, nakimbilia hospitali. Daktari anaondoka saa sita."

"Mkubwa yupo. Lete faili."

"Siruhusiwi kulishika."

"Ah, kweli." Katibu muhtasi aliuma mdomo. Hakuwa mtu mbaya. "Niteremke mimi? Mama, nitakueleza ukweli. Siku nikionekana na faili kwenye ngazi, kesho yake mimi ndiye tarishi. Hawatanirudisha kwenye kiti hiki."

"Basi niingie nimwambie kwa mdomo."

"Atakwambia hana faili mbele yake."

Aliingia. Mkuu wa Utumishi, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliinua macho, akampa pole ya dhati, akamwambia kwamba hawezi kutia sahihi bila faili kuwa mbele yake.

Saa tatu na nusu alishuka. Mlinzi wa getini, alipoombwa, alisema yeye ni wa geti, akivuka mlango ule ameacha lindo. Wafagiaji walisema wao ni wa kampuni, mafaili ya serikali wakiyagusa watafukuzwa. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Saa nne alipanda tena na mafaili sita. Saa nne na nusu alishuka na manne. Katika kila safari alipita mbele ya trei, na faili lake lilikuwa hapo, limelala chali.

Saa tano na dakika kumi, simu ya masjala ililia. Karani aliisikiliza, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja.

"Mama Upesi! Mkubwa anataka faili lake la safari lipande kwa Mkurugenzi, ghorofa ya tano. Haraka. Anaondoka mchana huu."

Aliliweka kwenye trei, juu ya lile la kahawia.

Mama Upesi alikuwa benchini. Alikitazama kidole chake, kilichoanza kuvuja jasho chini ya kitambaa cheusi. Ghorofa ya tano ilikuwa ngazi tisini. Aliinama, akafungua kamba za kiatu, akakivua. Akavua na soksi. Akavua na cha kushoto, akavipanga viwili sambamba chini ya benchi, mahali alipokuwa akivipanga Kamba vyake siku za mvua.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Unakuja?"

"Napumzika."

Katika miaka ishirini na saba neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa kwenye benchi lile saa za kazi. Karani alitoka hadi mlangoni kuhakikisha. Alimkuta ameketi wima, mikono mapajani, miguu mitupu imekanyaga saruji baridi, na kidole gumba cha kulia kikiwa kimesimama peke yake, chekundu, kinang'aa.

"Mungu wangu," karani alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe ndicho hiki?"

"Ndicho hicho."

Simu ililia tena, na tena. Dakika kumi zilipita. Kisha juu zikasikika hatua za viatu vya gharama, zinashuka upesi, ghorofa baada ya ghorofa, na Mkuu wa Utumishi mwenyewe akatokea kwenye ngazi ya mwisho akihema kidogo. Kwa miaka yake yote mitano katika jengo lile, hakuwa ameonekana masjala.

"Faili langu liko wapi?"

Karani alinyoosha kidole. Mkuu alilichukua faili lake la safari kutoka kwenye trei. Chini yake alikutana na lile la kahawia, akalisoma jina.

"Hili ni la Mama Upesi?"

"Ndiyo, mzee. Linakusubiri wewe."

"Basi lipandisheni, nitaliona." Aligeuka, faili lake kwapani, akampita Mama Upesi benchini. Alipunguza mwendo. "Mguu bado?"

"Bado, mzee."

"Pole sana. Fuatilia, usiuache hivyo hivyo." Akapanda, ngazi mbili mbili.

Karani alitazama kanuni ukutani, akaitazama ngazi, akaitazama tena kanuni.

"Amelishika lake," alisema.

"Nimemwona."

Mama Upesi alisimama. Aliacha viatu pale vilipo, akaingia, akalichukua faili la kahawia kutoka kwenye trei. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

"Mama, hilo ni lako!"

"Najua. Jina nalisoma."

Karani akageuka, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa, mgongo wake ukiwa umeelekea mlangoni.

Alilibeba kwa mikono miwili, peke yake, bila kuchanganya na lingine. Kwa sababu ya mikono miwili hakuweza kushika reli. Pekupeku, kidole kiliuma kwa namna nyingine: saruji iliupoza ule moto, lakini kila pembe ya ngazi aliijua sasa kwa jina. Alishangaa kuona jinsi zilivyolika katikati. Miaka yote alikuwa amezipita kwa viatu, asijue kwamba zimebonyea kama mabakuli.

Kwenye kituo cha ghorofa ya pili alilazimika kuketi, na akiwa ameketi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alilitazama faili lake.

Jalada lilikuwa na jedwali: limetoka, limekwenda, tarehe, aliyelibeba. Katika safu hiyo ya mwisho, mstari wa kwanza, mtu alikuwa amechora kengele ndogo. Mstari wa pili, kamba iliyojikunja. Kengele tena, na pembeni yake, kidogo sana, kichwa cha mtoto: ile likizo ya uzazi. Ndivyo walivyosaini kabla ya darasa la kantini. Kisha kengele zilikoma, na mahali pake pakatokea jina, limeandikwa kwa mkono unaotetemeka, herufi moja ikiwa imegeukia kushoto. Mzee Kengele alikuwa amejifunza. Baada ya hapo kamba mbili, jina moja la Kamba lenye madaha ya mikia, na mistari mitupu hadi chini.

Alipitisha kidole cha mkono juu ya kengele zile. Akafungua ndani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua yake ya kuomba kazi, aliyoandikiwa na jirani. Ya pili ilikuwa picha: msichana mwenye shingo ndefu, anayejizuia kucheka. Binti yake mtupu. Ya tatu ilikuwa fomu ya daktari aliyempima kabla ya kuajiriwa, mwaka 1992, kwa wino wa buluu uliofifia. Macho: mazuri. Masikio: mazuri. Moyo: mzuri. Miguu: mizima kabisa.

Alilisoma neno hilo mara tatu. Ilimjia ile siku, yule daktari mzee akimwambia aruke mguu mmoja hadi ukutani na kurudi, naye akaruka, akageuka, akaruka tena bila kuombwa, na daktari akacheka na kusema inatosha, kazi umepata.

Alizipanda ngazi zilizobaki.

Katibu muhtasi alikuwa anafunga mlango wa bosi wake kwa ufunguo. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nane.

"Mama Upesi, umemkosa sasa hivi. Amepanda kwa Mkurugenzi, kutoka huko ni safari. Anarudi Jumatatu ya wiki ijayo." Kisha akaona kilichokuwa mikononi mwake, na miguu mitupu. "Nani amekuruhusu kulishika?"

"Aliyenitangulia kwenye ngazi."

Katibu muhtasi alivuta kiti chake mwenyewe, kile ambacho aliogopa kukipoteza, akamsogezea. Mama Upesi akaketi. Kutoka pale hadi hospitali kuu ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye miguu. Mwezi ujao, Alhamisi ya pili, ingekuwa tarehe 11.

"Liache kwangu," katibu muhtasi alisema. "Akirudi tu, litakuwa la kwanza."

"Nipe kalamu."

Kwanza aliandika kwenye jalada, katika safu ya aliyelibeba, jina lake kamili, herufi zote zikiwa zimenyooka. Kisha akafungua karatasi ya dokezo, mahali ambapo wakubwa huandikiana, na ambapo tarishi hajawahi kuandika. Aliandika polepole, ulimi ukiwa umebanwa katikati ya meno kama siku za kantini.

"Mkuu wa Utumishi. Tafadhali rejea karatasi ya tatu. Mwaka 1992 miguu yangu ilikuwa mizima kabisa. Ugonjwa nilio nao leo hauna jina, na daktari wa kulitafuta jina hilo anaondoka saa sita. Nimebeba mambo ya watu katika ngazi hizi kwa miaka ishirini na saba. Langu limekosa wa kulibeba, nimelibeba mwenyewe. Hilo ni kosa, nami nalikiri."

Chini ya kila dokezo, kwa desturi ya ofisi ile, huandikwa linakopelekwa baada ya hapo. Aliandika: "Lipelekwe kwa," akaweka nukta mbili. Alifikiri. Aliwafikiria Mzee Kengele, na Kamba, na Profesa wa miwani. Akafunika kalamu, akairudisha, akashukuru, akaanza kushuka kuelekea viatu vyake.

Nafasi ile baada ya nukta mbili bado iko wazi. Wewe uliyesoma hadi hapa, faili hili sasa liko mkononi mwako. Usilirudishe kwenye trei. Mpelekee mwingine, naye ampelekee mwingine.